Askari wa Kizuizini: Mwigizaji wa Pembeni na Kalamu Yake, Kampala

Karibu kila filamu ya Uganda inayogusa miaka ya 1970 au ya 1980 ina sini moja isiyokwepeka. Gari linasimamishwa barabarani, askari anainama dirishani, anadai kitambulisho kwa Kiswahili. Sini yenyewe ni ya dakika mbili. Askari hana jina. Kwenye skripti ameandikwa ASKARI 1. Anayempata hulipwa siku moja, hula chakula cha mchana pamoja na wapiga picha, kisha hupanda boda boda akaondoka.

Mtu huyohuyo, ndani ya mwaka uleule, huenda akawa mchungaji kwenye tamthilia ya televisheni, baba mkwe kwenye tangazo la sabuni na sauti ya mzee wa kijiji kwenye mchezo wa redio. Usiku anaandika vipindi vya tamthilia ambayo yeye mwenyewe haonekani ndani yake. Ndivyo kazi ya mwigizaji wa nafasi za pembeni ilivyo Kampala. Uso wake humpatia siku moja moja. Kalamu humpatia miezi. Na kazi hizo mbili zinalishana, kwa sababu hakuna shule nzuri ya uandishi kama kusimama ndani ya sini ya mtu mwingine ukiwa na mistari minne tu ya kusema, ukitafuta sababu ya kuwepo kwako pale.

Tuanze na huyo askari, maana ndiye anayeharibiwa mara nyingi zaidi.

Kiswahili cha mwaka gani?

Mwandishi wa Kampala kwa kawaida huwaza kwa Kiganda na kuandika kwa Kiingereza. Akifika kwenye kizuizi, anatupia mstari mmoja wa Kiswahili na kumwachia mwigizaji mengine. Hapo ndipo sini inapopoteza mwaka wake, kwa sababu askari wa Uganda hawajawahi kuwa na Kiswahili kimoja.

Jeshi lilirithi lugha hii kutoka King's African Rifles, jeshi la mkoloni, na kilichorithiwa ni Kiswahili cha amri. Ngeli zimevunjika, vitenzi vimekatwa, na "iko" inafanya kazi ya kila kitu. Askari wa Idi Amin kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, atasema, "Wewe nakwenda wapi? Kitambulisho iko wapi? Toka inje." Ukimwandikia "Unakwenda wapi? Kitambulisho chako kiko wapi?" umempeleka kufundisha shule ya msingi Tanga.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wake. Watanzania hao, ambao watu wa mjini waliwaita bakomboozi, walikuja na Kiswahili chenye ngeli zake zote, na adabu zake pia. Kwa hiyo kama hadithi yako ina kizuizi cha Machi 1979 na kingine cha Mei 1979, ASKARI 1 na ASKARI 2 hawawezi kusikika sawasawa. Mwandishi anayejua hilo hahitaji sauti ya redio kutangaza kwamba serikali imebadilika. "Shikamoo mzee, naomba kitambulisho chako" inatosha. Kisha ikaja miaka ya msako wa "panda gari", wakazi wakikusanywa na kupakiwa kwenye malori. Hapo Kiswahili kinarudi kuwa cha kufokea umati, maneno mawili mawili. Na baada ya NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, kuingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, kizuizini anasimama kijana, pengine kadogo kabisa, yaani askari mtoto, anayesema "afande" kila sentensi na Kiswahili chenye mwangwi wa Kinyankole.

Matamshi nayo yana kanuni zake. Katika Kiganda, r husikika baada ya e na i. Kwingineko ni l. Mwigizaji Mganda akisema Kiswahili bila kujihadhari, "barabara" inakuwa "balabala" na "habari" inakuwa "abali". Kama mhusika ni Mganda, hilo ni sahihi na liachwe. Kama mhusika ni Mwacholi, ni kosa, kwa kuwa ulimi wa Kiacholi hausumbuliwi na r. Husumbuliwa na s, na "sukari" huelekea kuwa "chukari". Ushauri unaofaa ni kuchagua alama mbili tu za matamshi na kuzishika tangu teki ya kwanza, yaani upigaji wa kwanza wa sini, hadi ya mwisho. Alama tano ni kichekesho, hata kama kila moja ni ya kweli.

Kuna jambo linaloudhi hapa. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Skripti zetu bado zinampa Kiswahili mwenye bunduki tu. Mama muuza samaki wa Busia, dereva wa lori wa Malaba, Mnubi wa Bombo: hawa wanakitumia kila siku, nao ni nafasi nzuri za pembeni zinazosubiri mtu wa kuziandika.

Mistari minne

Mwigizaji aliyepewa ASKARI 1 ana siku moja ya maandalizi, pengine pungufu. Aisome skripti yote kama amepewa, si kurasa zake tu. Mara nyingi hapewi, basi aulize mambo mawili: gari linatoka wapi, na sini inayofuata ni ipi. Akijua kwamba baada ya kizuizi shujaa anafika nyumbani salama, kazi yake ni kumtisha na kumwachia. Akijua kwamba shujaa anakamatwa, kazi yake ni kuwa mpole mno hadi dakika ya mwisho.

Kisha ajiulize askari huyu amesimama juani tangu saa ngapi, amelipwa mshahara au la, nani anamtazama kutoka kivulini, na anataka nini ndani ya gari hili hasa. Swali la mwisho ndilo linalozaa uigizaji. Miaka ya 1970 sukari, chumvi na sabuni vilikuwa adimu, na magendo yalikuwa uchumi wenyewe. Askari ambaye macho yake yanateleza kutoka kwenye kitambulisho hadi kwenye kifurushi cha sukari kwenye kiti cha nyuma, asiseme neno, ameshamwambia mtazamaji hali ya nchi. Kusoma kitambulisho kikiwa kichwa chini ni mzaha uliochakaa, uachwe upumzike.

Mwigizaji anayeandika hushawishika kuongeza mstari. Asiongeze. Mstari mpya unamlazimu mwenzake kujibu, unarefusha sini, na mwongozaji ataukumbuka vibaya. Aongeze tendo, tena dogo, linaloweza kurudiwa bila kubadilika. Hapa pana mtego. Sini kama hii hupigwa angalau mara tatu: picha ya mbali, picha ya juu ya bega, picha ya karibu. Kama kwenye picha ya mbali alipokea kitambulisho kwa mkono wa kushoto akiwa tayari ametamka "wapi", lazima iwe hivyo hivyo kwenye nyingine zote. Vinginevyo mhariri anakosa pa kukatia, na anayekatwa hawezi kuwa nyota wa filamu. Nafasi nyingi ndogo hupotea kwenye uhariri kwa sababu ya mkono.

Mengine ya kiufundi ambayo hakuna anayemwambia mgeni: gari litapigwa picha injini ikiwa imezimwa ili sauti irekodiwe safi, na mngurumo utaongezwa baadaye, kwa hiyo asisitize sauti kidogo kana kwamba injini inawaka. Kwenye picha ya karibu asidandie maneno ya mwenzake, hata kama ugomvi unataka hivyo, maana sauti mbili zilizopandana hazitenganishiki. Na picha yake ya karibu ikifika, huenda nyota ameshakwenda kupumzika. Mistari ya dereva itasomwa na msaidizi aliyesimama kando ya kamera. Aombe tu msaidizi huyo asimame mahali kichwa cha dereva kilipokuwa, asije akaonekana anaongea na tairi.

Mavazi yanahitaji neno la pekee. Raia kuvaa au kumiliki sare za jeshi ni kosa chini ya sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, na tangu Septemba 2019 hata bereti nyekundu imo kwenye orodha iliyotangazwa rasmi. Prodyuza anapaswa kuwa na kibali cha jeshi kwa maandishi, na nakala iwepo lokesheni, mahali pa kupigia picha, si ofisini. Mwigizaji asiondoke na gwanda mwilini kwenda kununua rolex, chapati ya mayai, ng'ambo ya barabara. Bunduki ziwe za bandia zisizofyatua kitu, mwako uongezwe kwa kompyuta. Wakaliga, kitongoji cha Kampala ambako Isaac Nabwana alipiga filamu zake za vita, silaha zimetengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, na watazamaji wa dunia nzima hawakulalamika.

Waliotangulia hawakutenganisha

Mchanganyiko huu wa kuigiza na kuandika si jambo la kizazi hiki. Wycliffe Kiyingi aliunda kundi la waigizaji Waafrika mwaka 1954, kabla Ukumbi wa Taifa wa Kampala haujafunguliwa mwaka 1959, na michezo yake ya redio kwa Kiganda iliwafanya watu wakae karibu na redio. Robert Serumaga aliandika, akaongoza na kuigiza. Chini ya Amin aligeukia maonyesho ya mwili, ngoma na maneno machache, kwa sababu mwili ni mgumu kushtakiwa kuliko sentensi. Byron Kawadwa hakupona. Baada ya mchezo wake kuiwakilisha Uganda kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, alikamatwa na kuuawa. Alex Mukulu naye amejulikana kwa kuandika michezo na kusimama ndani yake mwenyewe.

Kwa nafasi za pembeni hasa, mfano ulio karibu ni Abby Mukiibi, mtu wa jukwaa la Kiganda wa kundi la Afri Talent. Aliigiza Masanga, mtu wa usalama wa Amin, kwenye The Last King of Scotland, filamu ya 2006 iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Nafasi si kubwa, ila kila anapoingia chumbani, chumba kinapoa. Miaka ya ukumbini hufundisha hilo: pale mtazamaji aliyelipa kiingilio hasubiri picha ya karibu ili ajue nani wa kuogopwa. Kizazi kilichofuata kina watu kama Nisha Kalema, aliyeandika filamu na kuigiza nafasi kuu ndani yake. Hiyo ni njia nyingine halali: ukikosa nafasi, iandike.

Kurasa zinazopigika

Sasa kalamu. Kipindi cha televisheni cha nusu saa, ukiondoa matangazo, hubaki na dakika 22 hadi 24. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa herufi za Courier ukubwa wa 12 hukadiriwa kuwa dakika moja. Kwa hiyo skripti ni kurasa 22 hadi 26, zenye sini 12 hadi 16, zilizogawanywa vipande vitatu ili kila kipande kiishie mahali pa kumshika mtazamaji wakati wa tangazo. Hatua ni muhtasari wa ukurasa mmoja, kisha orodha ya sini, mstari mmoja kwa kila sini, kisha rasimu, kisha kusoma kwa sauti na watu halisi mezani, kisha rasimu ya pili. Anayeruka orodha ya sini hugundua kwenye ukurasa wa 19 kwamba hadithi iliisha kwenye ukurasa wa 14.

Kanuni ya ukurasa kwa dakika ina kasoro yake hapa kwetu. Ilizaliwa na Kiingereza. Mazungumzo yakiandikwa kwa Kiingereza na kuchezwa kwa Kiganda, sini hurefuka, maana mwigizaji anatafsiri papo hapo na kuongeza maamkizi yote ambayo Mganda hawezi kuyaacha. Mwandishi mwenye uzoefu huandika maelezo ya matendo kwa Kiingereza, kwa ajili ya kituo na wafanyakazi, na mazungumzo kwa lugha itakayosemwa, Kiganda au Kiswahili. Chini ya kila mstari anaweka tafsiri fupi itakayotumika kwenye maandishi ya chini ya picha. Maandishi hayo hubeba mistari miwili, kila mmoja usiozidi herufi 40 hivi, kwa sekunde sita. Methali ndefu haiingii. Basi ama ifupishwe mdomoni, ama mhusika anyamaze kidogo baada yake.

Ni hapa uzoefu wa nafasi ndogo unapolipa. Mwandishi aliyewahi kuwa ASKARI 1 anajua kwamba kila mhusika mpya anayesema ni mtu wa kulipwa, kuvishwa, kulishwa na kusafirishwa. Skripti yenye mhudumu wa hoteli, mlinzi, nesi na dereva, kila mmoja na mstari wake mmoja, itakatwa na prodyuza bila huruma, tena vibaya. Afadhali mlinzi na dereva wawe mtu mmoja, aonekane sini nne, awe na haja yake. Pengine anadaiwa karo, au anamwogopa mke wa bosi. Mwigizaji mzuri atakubali nafasi hiyo kwa sababu ina mwili, na gharama imeshuka.

Anajua pia lokesheni. Filamu yenye nafasi hupiga kurasa tatu hadi tano kwa siku. Tamthilia hulazimika kupiga mara mbili ya hizo au zaidi, na haiwezekani ukihama nyumba tatu kwa siku. Kipindi kimoja kibaki sehemu nne au tano. Sini za nje ziepuke usiku, kwa sababu usiku ni taa, na taa ni jenereta, na jenereta ni kelele. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ikipiga bati hakuna maikrofoni itakayookoa mazungumzo. Sini ya siri ya kunong'ona isiwekwe chumba cha mabati. Kila skripti iwe na sini mbili za ndani zisizotegemea chochote, za kupigwa siku mambo yakiharibika. Yataharibika.

Redio ni shule rahisi zaidi, nayo bado inalipa: taasisi za afya na kilimo hutaka michezo yenye ujumbe. Dakika 15 ni maneno 1,500 hadi 1,800 ya Kiswahili au Kiganda, wahusika wanne wasiozidi, sauti zao ziwe mbalimbali kwa umri na mwendo. Ujumbe usipewe daktari. Mpe anayeupinga, autetee upinzani wake vizuri, kisha ashindwe na jambo, si na hotuba.

Karatasi kabla ya kamera

Waandishi wetu wengi huumia hapa kuliko kwenye ubunifu. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hailindi wazo. Hadithi uliyomsimulia prodyuza mgahawani ni upepo. Muhtasari ulioandikwa, wenye tarehe, uliotumwa kwa barua pepe, ni kazi. Usajili hufanywa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Haki huwepo hata bila usajili, lakini siku ya ugomvi cheti huzungumza haraka.

Kifungu kinachowashangaza watu ni kile cha kazi ya kuagizwa. Mtu akikuajiri au akikuagiza uandike, na mkataba ukakaa kimya, hakimiliki ni yake. Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia asiyetaka kupoteza kila kitu aandikishe, kabla ya kipindi cha kwanza, ni haki zipi anauza: televisheni tu au na mtandaoni, Uganda tu au kwingine pia, kwa miaka mingapi, na nani ataandika msimu wa pili. Haki ya kutajwa kuwa mtunzi hubaki yake hata akiuza nyingine zote. Akiwa pia ameigiza, mikataba iwe miwili, malipo mawili, majina mawili kwenye orodha ya mwisho, moja la kuigiza na moja la kuandika. Mkataba mmoja wa "huduma za usanii" humeza kazi moja ndani ya nyingine.

Malipo yafuate hatua: sehemu wakati muhtasari unapokubaliwa, sehemu kwa rasimu ya kwanza, iliyobaki kwa rasimu ya mwisho. Idadi ya marekebisho iandikwe. Mawili yanatosha, la tatu lina bei. Kishazi cha kukataa ni "baada ya kurushwa hewani", kwa sababu kituo kinaweza kubadili ratiba na wewe huna sauti hapo.

Na uwe na namba ya mlipakodi ya URA, mamlaka ya mapato. Taasisi zilizoteuliwa kukata kodi ya zuio huondoa asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni moja. Fedha hiyo haijapotea. Inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, mradi tu una cheti cha makato. Kiombe siku ileile unapolipwa, mhasibu akiwa bado anakumbuka wewe ni nani.